Damu ya Ngamia Iliyofika Bonn

Kumtoa ngamia damu ni kazi ya watu watatu. Mmoja hushika kamba ya kichwa. Wa pili humlazimisha apige magoti, kisha humfunga mguu wa mbele ukiwa umekunjwa ili asinyanyuke ghafla. Wa tatu, daktari wa mifugo au msaidizi wake, huipapasa ile shingo ndefu hadi mshipa utune chini ya kidole. Sindano ikiingia, damu hujaza kichupa chembamba, na kichupa huachwa wima kivulini hadi damu igande na majimaji ya rangi ya manjano yajitenge juu. Majimaji hayo ndiyo mali. Hunyonywa kwa uangalifu, hutiwa kwenye kichupa kidogo zaidi, huandikwa nambari na kuzikwa ndani ya barafu. Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 bila kumshangaza mtu, barafu ikiyeyuka kazi yote imepotea.

Majimaji ya namna hiyo, yaliyotolewa kwa ngamia 774 wa Kenya kati ya mwaka 1992 na 2013, yalichunguzwa na wataalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Karibu ngamia 3 kati ya kila 10 walikuwa na kingamwili za virusi vya MERS, yaani miili yao ilikwisha kukutana na virusi hivyo na kujifunza kupambana navyo.

MERS ilikuwa habari ya kutisha wakati huo. Iligunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012 na iliua takriban mtu mmoja kati ya kila watatu waliothibitishwa kuugua. Wengi walidhani ni ugonjwa mpya wa Bara Arabu. Kumbe timu hiyohiyo ya Bonn ilipofungua sampuli za zamani za ngamia wa Somalia, Sudan na Misri, ilikuta kingamwili hata kwenye damu ya mwaka 1983. Kwa karibu miaka 30 virusi vilikuwa vikitembea na misafara ya ngamia wa pembe hii ya Afrika, na hakuna daktari aliyevijua kwa jina.

Nimekitaja Bonn kwa sababu. Tunaposikia kuwa chuo fulani cha Ulaya ni kikubwa, tunafikiria majengo, bajeti na orodha za ubora zinazotolewa kila mwaka. Bonn kilianzishwa mwaka 1818. Kina vitivo saba, kuanzia theolojia mpaka kilimo, na wanafunzi zaidi ya 30,000. Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwa mawimbi ya redio yapo kweli, alifundisha fizikia hapo kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1894. Majaribio yake makubwa alikuwa ameyafanyia Karlsruhe, lakini kaburini alikwenda akiwa profesa wa Bonn. Leo mfugaji wa Balambala anapotafuta stesheni ya Kisomali kwenye redio yake, nambari anazozipita zinahesabiwa kwa jina la mtu huyo. Mwanaastronomia Argelander na wasaidizi wake waliorodhesha nyota zaidi ya 320,000 wakiwa hapo Bonn, katikati ya karne ya 19, kwa darubini ndogo na subira. Wolfgang Paul alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1989 kwa mtego wa umeme wa kunasia chembe zenye chaji. Reinhard Selten aliipata ya uchumi mwaka 1994 kwa hesabu za jinsi watu wanavyoamua mambo wakijua kuwa wenzao nao wanaamua. Mwaka 2018 Peter Scholze, mwanahisabati wa chuo hicho, alipewa Nishani ya Fields akiwa na umri wa miaka 30.

Nyota, chembe, uchumi, hisabati tupu, na virusi vya ngamia. Mtu anaweza kuuliza vyote hivyo vinahusiana vipi. Jibu langu ni kwamba hapo ndipo nguvu ya chuo kikubwa ilipo: anayejua virusi hahitaji kusafiri nchi tatu kumpata anayejua takwimu, na anayejua takwimu anafanya kazi mtaa mmoja na anayejua mifugo. Tena chuo cha namna hiyo kina kumbukumbu. Kinatunza vitu ambavyo kwa sasa havina kazi, kikiamini kwamba siku itafika swali litakalovihitaji. Sampuli za 1983 zisingetunzwa, leo tusingejua lolote kuhusu umri wa MERS katika pembe hii.

Sasa njoo upande wetu. Nasema hivi baada ya kusoma kwa muda mrefu yaliyoandikwa na wanasayansi kuhusu Garissa, Wajir na Mandera: ukitaka kuuona upana wa chuo kikuu kikubwa, huna haja ya kupanda ndege. Hapa Kaskazini Mashariki maswali ya vitivo vyote yamekusanyika kwenye boma moja la ngamia. Kinachokosekana ni mahali petu wenyewe pa kuyajibia.

Tuanze na ugonjwa ambao eneo hili limeulipia kwa roho za watu, homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1931. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa mifugo ya walowezi. Kisha ikaja El Niño ya mwishoni mwa 1997. Mvua iliyonyesha Garissa haikuwa na mfano, barabara zilikatika, vijiji vikawa visiwa, mbuzi na kondoo wakatupa mimba kwa maelfu, na watu wakaanza kufa wakitokwa na damu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Damu ya wagonjwa ililazimika kusafirishwa hadi Afrika Kusini na Atlanta, Marekani, ndipo ugonjwa ukapata jina.

Jinsi ugonjwa huu unavyojificha inafaa ijulikane na kila mtoto wa shule ya Garissa. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao jike lake halitagi majini. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa mabonde ya kina kifupi yanayojaa maji msimu wa mvua. Baadhi ya mayai hayo hubeba virusi tayari, kutoka kwa mama. Maji yakikauka, mayai hubaki ndani ya udongo uliopasuka, miaka na miaka, ng'ombe wakipita juu yake na watoto wakichezea hapo. Mvua ya kawaida haiyaamshi kwa wingi. Inapokuja mvua kubwa ya kusimamisha maji bondeni kwa wiki kadhaa, mayai huanguliwa kwa pamoja, na kizazi cha kwanza cha mbu huruka kikiwa na ugonjwa. Huuma mifugo kwanza. Baadaye mbu wa aina nyingine, waliozaliwa kwenye maji yaleyale, hunyonya damu ya mifugo wagonjwa na kuusambaza mbali. Binadamu huupata kwa kuumwa, lakini zaidi kwa kuchinja, kuchuna, kumsaidia mnyama anayetupa mimba, na kunywa maziwa mabichi.

Kwa hiyo ugonjwa huu ni kazi ya mtaalamu wa wadudu, wa virusi, wa udongo, wa mifugo na wa bahari. Naam, wa bahari. Mwaka 1999 kundi la wanasayansi wakiongozwa na Kenneth Linthicum walionyesha kwamba joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, likiunganishwa na picha za setilaiti zinazopima ukijani wa ardhi, linaweza kutabiri mlipuko nchini Kenya miezi kadhaa kabla haujatokea. Mwaka 2006 utabiri ulijaribiwa kwa kweli. Kuanzia Septemba setilaiti ziliashiria hatari, na maonyo yakatolewa. Katikati ya Desemba hospitali ya Garissa ikaanza kupokea wagonjwa. Hadi mlipuko ulipoisha mwaka 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa karibu 700 na vifo zaidi ya 150. Masoko ya mifugo yalifungwa, bucha zikafungwa, na mji unaoishi kwa biashara ya ng'ombe na mbuzi ukakaa miezi bila mapato. Wachumi waliopiga hesabu baadaye walikadiria hasara ya nchi nzima kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.1.

Sehemu inayonigusa zaidi katika habari hiyo yote ilichapishwa mwaka 2010. Watafiti, wengi wao madaktari wa mifugo, walikwenda kuwauliza wafugaji wa Kisomali wa Kaskazini Mashariki walichokiona kabla ya mlipuko. Wafugaji waliujua ugonjwa vizuri. Waliuita sandik, kwa ajili ya damu inayotoka puani, na walizieleza dalili zake kwa usahihi ambao mtaalamu aliyesoma hangeupita. Walieleza mfuatano wa mambo: mvua kubwa kuanza, wiki tatu hivi baadaye mbu kutanda kwa wingi usio wa kawaida, na wiki mbili na kitu baada ya mbu, mnyama wa kwanza kuugua. Yaani kabla ya daktari yeyote kuandika taarifa, kabla hata ya onyo la setilaiti kupita ofisi zote lilizopaswa kupita, wafugaji walikuwa wamekwisha kuona dalili na kuzitafsiri ipasavyo. Watafiti waliandika waziwazi kuwa ujuzi huo ulikuwa mwepesi wa kutambua hatari kuliko mifumo ya dunia iliyokuwepo.

Ningependa kila afisa wa kaunti na kila mfadhili aukumbuke utafiti huo. Hausemi kwamba setilaiti haina maana. Setilaiti iliona Septemba, wakati anga ya Garissa ilikuwa bado safi, na hakuna mfugaji anayeweza kuhisi joto la Pasifiki kwa ngozi yake. Lakini kati ya onyo la anga na mgonjwa wa kwanza palikuwa na majuma ambayo mfugaji ndiye aliyeona, na hapakuwa na njia rasmi ya yeye kupiga simu na kusema mbu wametanda, leteni chanjo. Chanjo ya mifugo ipo. Ikichelewa haina kazi, maana mnyama aliyekwisha kuambukizwa haokolewi nayo, na sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi wakati wa mlipuko inaweza kuusambaza ugonjwa zaidi.

Kipimo hichohicho cha ukijani kinachotafuta mbu kutoka angani kimeajiriwa pia katika kazi ya bima. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na ILRI, walijiuliza: ukame unapokuja, nani atahesabu mizoga nyikani ili alipe fidia? Wakaamua kutohesabu mizoga. Setilaiti ingepima malisho, na malisho yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wote waliokata bima eneo hilo walipwe. Mradi ulianza Marsabit mwaka 2010. Ulipotaka kuingia Wajir na Garissa ulikutana na swali la dini, kwa kuwa bima ya kawaida ina mambo yanayokatazwa na sharia. Ndipo kampuni ya Takaful ikauunda upya kwa misingi ya Kiislamu, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo ya kwanza. Mkenya Andrew Mude, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Hebu fikiria: anga, uchumi, takwimu na fikihi, vyote ndani ya hati moja anayopewa mwenye mbuzi 20.

Bima hiyo ina kasoro, na wenye mifugo wanaifahamu kuliko wauzaji wake. Setilaiti huona kijani tu. Kando ya Mto Tana, kuanzia Bura kuelekea Garissa, mathenge umetanda. Mti huo uliletwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukapandwa kwenye miradi ya umwagiliaji miaka ya 1980, kisha ukatoroka. Ukame ukiua nyasi zote mathenge hubaki na majani, kwa kuwa mizizi yake inafika maji ambayo nyasi haiyafikii. Kutoka angani eneo laonekana na uhai ilhali ng'ombe hawana cha kutia mdomoni. Kutenganisha nyasi na mathenge kwenye picha ni kazi ya mtaalamu wa mimea anayelijua eneo kwa miguu, na kazi hiyo ingemfaa sana mwanafunzi wa Garissa.

Kwamba mwanafunzi wa Garissa anaweza kuifanya, tunao ushahidi hai. Abdullahi Hussein Ali ni mzaliwa wa huku. Alisomea shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, na utafiti wake aliufanyia nyumbani, juu ya hirola, swala mwenye mistari myeupe iliyozunguka macho. Hirola haishi porini kwingine duniani ila mpaka huu wa Kenya na Somalia, mbali na kundi dogo lililohamishiwa Tsavo. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwafyeka, na leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Swali lilikuwa moja: sotoka ilikwisha kitambo, ng'ombe wakaongezeka tena, mbona hirola hawaongezeki?

Ali na wenzake walifunga hirola vifaa vya kufuatilia mienendo shingoni, wakalinganisha picha za setilaiti za miaka mingi, na wakakuta kwamba kati ya 1985 na 2012 miti katika eneo la asili la hirola iliongezeka zaidi ya mara tatu. Hirola ni mnyama wa uwanda wa nyasi, na kwenye vichaka hupungukiwa na chakula huku simba na duma wakipata pa kujificha. Miti iliongezeka kwa sababu ya malisho kuzidiwa na kwa sababu ndovu, waliokuwa wakiing'oa, waliuawa na majangili. Risasi iliyompiga ndovu miaka ya 1980 ilikuja kumfikia hirola miaka 30 baadaye. Huo ni ugunduzi mkubwa, na ulihitaji mtu anayeweza kukaa na wazee chini ya mgunga, akawauliza kwa lugha yao uwanda huu ulikuwaje walipokuwa vijana, kisha arudi kwenye kompyuta apime. Baada ya masomo alirudi, na shirika aliloliunda linafanya kazi Garissa, likipunguza vichaka na kupanda nyasi pamoja na wenyeji. Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, upande wa Ijara, kundi la hirola 48 lililozungushiwa uzio mwaka 2012 limekwisha kuongezeka mara mbili na zaidi.

Chini ya ardhi nako kuna somo. Kambi za Dadaab zilipangiwa watu 90,000 zilipoanza mwaka 1991, na njaa ya mwaka 2011 ilizifanya zipite watu 400,000. Wote hao, pamoja na wenyeji na mifugo yao, hunywa maji ya hifadhi moja ya chini ya ardhi, Merti, inayopita upande wa Habaswein hadi kuvuka mpaka wa Somalia. Je, itakauka? Itaingia chumvi? Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, kupitia kituo chake cha maji ya ardhini, kilitengeneza kielelezo cha kompyuta cha hifadhi hiyo. Ni chuo kidogo kuliko Bonn, lakini Merti kimeichunguza. Na hapohapo Dadaab, tangu 2013, mradi wa vyuo vya York cha Canada, Kenyatta, Moi na British Columbia umekuwa ukiwapa wakimbizi na wenyeji masomo ya chuo kikuu bila kuwataka wahame. Baadhi yao wameanza kufanya utafiti wao wenyewe juu ya shule na maisha ya kambi, badala ya kuwa watu wa kuhojiwa miaka nenda miaka rudi.

Turudi kwenye ile damu ya ngamia. Utafiti wa mwaka 2014 ulifuatwa na mwingine, uliochapishwa 2016, safari hii juu ya watu: wafugaji 1,122 wa Garissa na Tana River. Waliothibitika kuwa na kingamwili za MERS ni wawili tu. Kwa ngamia wengi vile na watu wanaokunywa maziwa yao kila siku, hiyo ni habari njema na pia ni kitendawili. Maabara mbalimbali zimeonyesha tangu hapo kuwa virusi vya ngamia wa Afrika ni ukoo tofauti na vya Arabuni, na kwamba huzaana kwa shida zaidi kwenye seli za mapafu ya binadamu. Lakini kila mwaka Arabuni huingiza ngamia kutoka pembe hii, na virusi hubadilika. Ndiyo maana ufuatiliaji haukomi, na mwaka 2022 na 2023 Chuo Kikuu cha Nairobi na Charité ya Berlin, ambako baadhi ya wataalamu wa Bonn walihamia, walikaa mwaka mzima wakipima ngamia kwenye kichinjio kaskazini mwa Kenya.

Mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, mwenye mitungi iliyofukizwa moshi na wateja wake wa kila asubuhi, anastahili kuambiwa haya kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Ripoti ziko wazi mtandaoni, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kanuni za kutoa matokeo kwa jamii zipo. Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kufanya kazi Kenya bila kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi zigawane kwa haki faida zitokanazo na rasilimali za viumbe. Naamini wataalamu wengi wana nia njema. Shida ni kwamba mtafiti akimaliza kazi anaondoka na kumbukumbu zake, kwa sababu hapa hapana pa kuziacha.

Pa kuziacha panapaswa kuwa Chuo Kikuu cha Garissa. Kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Moi, kwenye majengo ya chuo cha zamani cha walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na watu wachache waliokataa kukiacha kife, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Walimu waliorudi darasani mwaka 2016 wana heshima yangu yote. Tangu hapo tumekiongelea zaidi kwa habari ya usalama, uzio na polisi. Ni wakati tukiongelee kwa habari ya sayansi, na tuziulize serikali ya taifa na kaunti tatu za huku zinakijengea nini.

Hakiwezi kuwa Bonn, wala hakina haja. Chuo cha miaka 200 hakiigwi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Kinachowezekana ni kuchagua jambo moja ambalo hakuna chuo duniani kinaweza kulijua kuliko chenyewe, yaani uhai wa nchi kame ya ngamia, na kulikusanyia vitivo vyote. Daktari wa mifugo, mtaalamu wa mbu, mchumi wa bima, mwanasheria wa takaful, mpimaji wa maji ya Merti, na mwanafunzi wa lugha wa kuandika yote hayo ili mama wa maziwa ayasome. Kiwe na friza za kutunza damu, na kila mgeni mwenye kibali aache nusu ya sampuli zake hapo kabla hajaondoka na nusu nyingine. Umeme hauwezi kuwa kisingizio. Kaunti hii ina mtambo wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, unaolisha gridi ya taifa. Friza za chuo zitakula punje ndogo ya hizo.

Na kazi ya maabara yenyewe imekwisha kufanyika hapa. Mwaka 1997 damu ya wagonjwa wa Garissa ilisubiri majibu kutoka ng'ambo. Mwaka 2006 ilikwenda Nairobi, kilomita 370, na maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikautambua ugonjwa ndani ya siku chache. Kisha wakati wa mlipuko huohuo wataalamu waliona hata Nairobi ni mbali, wakaleta Garissa mashine za kupima virusi kwenye damu na kufungua maabara ya muda. Walipima mamia ya wagonjwa, na waliweza kuwatambua mapema wenye virusi vingi mno mwilini, wale ambao kifo kilikuwa kinawakaribia zaidi. Mashine zilifanya kazi kwenye joto hilihili tunaloambiwa kuwa haziliwezi. Mlipuko ulipokwisha, maabara ilifungwa.